Jibu Lililopotelea kwa Jirani

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, na kazi yangu kubwa hapa Tanga ni kupanda ngazi nikiwa na suruali ndani ya baibui na kuwagombeza watu wazima wasichomoe waya wasioujua. Nimefunga mitandao ya ofisi, ya shule na ya nyumba za wageni. Hakuna iliyonitoa jasho kama ya nyumba ya bibi yangu pale Makorora, yenye vyumba vya kawaida tu na kiduka kwa mbele.

Bibi mzaa mama aliletwa katika nyumba ile na babu kutoka Tongoni, akiwa bibi harusi, na hajapata kulala kwingine zaidi ya wiki. Anaishi naye mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye ndiye mwenye duka. Kutoka dukani hadi chumba cha bibi unapita ukumbi mzima, unatoka uani, unapita jiko na kamba za kuanikia, ndipo unaufikia mlango wake. Mtu wa kule akipiga kelele, wa dukani hasikii. Seuze bibi, ambaye tangu ule ugonjwa wa kupooza sauti yake imebaki kunong'ona, na mkono wa kulia ndio pekee unaomtii.

Siku moja alijaribu kuteremka kitandani peke yake, akaanguka. Mama mdogo alikuwa dukani anapima unga. Alipokwenda kumpelekea uji ndipo akamkuta sakafuni, amelala kimya, macho wazi, anamsubiri. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Lakini habari ilipofika Dar es Salaam kwa mjomba, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi, mjomba akasema imetosha. Ijumaa anakuja na gari, anamchukua mama yake. Kwake kuna mtu wa kukaa naye kutwa.

Mjomba si mtu mbaya. Anampenda mama yake mpaka anaboa; akipiga simu anauliza amekula nini, kiasi gani, na nani aliyepika. Tatizo lake ni kwamba akiogopa hageuki, na safari hii alikuwa ameogopa.

Bibi aliposikia aliniita kwa kidole, niiname.

"Miye sendi," akaninong'oneza.

"Bibi, kule utapata mtu wa kukuangalia."

"Nikifa huko atanikosha nani? Anikoshe mtu nisomjua?"

Wanawake watakaomkosha bibi siku ikifika tunawajua wote, na yeye anawajua, na baadhi yao amekwisha kuwachagua kwa majina na kuwakataa wengine. Nilitoka uani nikajifanya natafuta bisibisi.

Mama mdogo ndiye aliyempata mjomba kwa simu na kumfanya atoe sharti. Tukifunga kamera chumbani, ili yeye amwone mama yake muda wote akiwa dukani, je? Mjomba akafikiri, akasema: "Nikija Ijumaa nikikuta mnamwona, tutazungumza. Nisipokuta, tunaondoka naye." Basi nikaitwa mimi kutoka Nguvumali, nikaja na baiskeli yangu na begi la vifaa, na kiburi changu chote cha ufundi.

Mama mdogo naye alikuwa na sharti lake. Kuna kamera zinazopeleka picha kwanza mbali, kwenye kompyuta za watu wengine huko duniani, ndipo zirudi kwenye simu yako. Hizo ni rahisi, mtoto anaziwasha. Mama mdogo alizikataa palepale.

"Mama yangu analala kichwa wazi," alisema. "Picha ya kichwa chake isitoke nje ya nyumba hii."

Nikamtafutia kamera ambayo picha yake inaonekana ndani ya nyumba tu. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Niseme kidogo mambo ya mitandao, sitamchosha mtu. Kila kifaa kina anwani yake, namba tu. Vyenye anwani za kundi moja vinazungumza bila taabu. Vya makundi mawili tofauti haviwezi kusikilizana mpaka apatikane mshenga katikati, kifaa kinachoitwa ruta, kinachojua njia za pande zote mbili. Pale nyumbani duka lilikuwa na mtandao wake, ambao sisi mafundi tungeuita wa moja. Chumbani kwa bibi kulikuwa na mtandao mwingine, wa kumi. Ulikuwa unatoka kwenye kisanduku cheupe juu ya kabati la nguo, kimefunikwa kanga kama mtu mwenye homa, na bibi aliutumia kusikiliza kisomo cha Kurani na kuwaona vitukuu kwenye kishikwambi chake.

"Huu wa nyuma nani kaufunga?" nikauliza.

"Upo tu," akajibu mama mdogo, macho kwenye mizani. "We chomeka kamera yako hapohapo. Na usichomoe kitu."

Ningeweza kubishana, kwa sababu njia fupi ilikuwa kuvuta waya mmoja kutoka dukani na kuacha mambo ya makundi. Lakini mama mdogo akishasema usichomoe, huchomoi. Nikachomeka kamera pale, nikavuta waya kupitia uani, na katikati nikaweka ruta ndogo ya kwangu kuwa mshenga, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Ruta ya duka nikaielekeza: ukitakiwa kumfikia yeyote wa kumi, mpitie huyu. Kisha nikafungua simu ya dukani kuangalia picha.

Kiza.

Mafundi tuna amri ya kupiga hodi. Kompyuta inatuma ujumbe mdogo kwa anwani fulani, na kifaa kikiwa hai kinaitikia. Nilipiga hodi kwa kamera nikiwa dukani, ikanyamaza. Nikaenda chumbani, nikaiunganisha kompyuta yangu na kile kisanduku cheupe, yaani nikaingia kundi moja na kamera, na picha ikaja safi kama maji. Nikamwonyesha bibi.

"Huyo kizee nani?" akauliza.

"Wewe, bibi."

"Muongo," akasema, lakini alijitengeneza ushungi.

Kwa hiyo kamera haikuwa na kosa. Nikajaribu kutoka kwenye ruta yangu ya katikati: ikapiga hodi kwa kamera, ikaitikiwa; ikapiga hodi kwa duka, ikaitikiwa. Mshenga anazungumza na pande zote, na pande zenyewe hazizungumzi. Nikabadilisha waya. Nikazima, nikawasha. Nikaizima tena kwa hasira. Kila nilipogusa kitu nilipaza sauti kutoka ukumbini, "Sasa?" na mama mdogo akajibu kutoka dukani, "Bado!" Baada ya muda wateja wakawa wanajibu kwa niaba yake. Muuza samaki aliyesimama kununua sukari aliipenda kazi hiyo, akawa haondoki. Jua lilipopinda Makorora nzima ilikuwa inajua kwamba fundi wa Nguvumali, anayejisifu kafunga maofisi, kashindwa na nyumba ya bibi yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nililala kwangu na hasira, na hofu chini yake. Nilikuwa nikimwona bibi amewekwa kiti cha mbele cha gari, kafungwa mkanda, anaangalia nje asiseme kitu, kwa vile ndiyo tabia yake anapoonewa.

Alhamisi nilirudi nimetulia kidogo. Badala ya kubadilisha vitu nikakaa kitako ukumbini, nikaiagiza ruta yangu inionyeshe kila ujumbe unaopita. Nikamwomba mama mdogo afungue picha. Swali la duka likaja, nikaliona. Likavuka, likaingia upande wa nyuma, nikaliona. Halafu hakuna kilichorudi.

Hilo lilinifumbua macho. Swali linafika. Kamera inasikia, na kifaa kikisikia kinajibu. Kumbe sijawahi kujiuliza jibu lenyewe linatokea mlango gani. Kila kifaa kina mlango mmoja tu ambao kimeelezwa: jambo lolote lisilo la kundi lako, lipitishie huku. Nikafungua mipangilio ya kamera, nikausoma mlango wake. Haikuwa ruta yangu. Wala haikuwa ruta ya duka. Ilikuwa anwani ya kitu kingine kabisa, na humo nyumbani kitu hicho hakikuwepo.

Nikapanda juu ya kiti, nikakivua kanga kile kisanduku cheupe. Nyuma yake kulikuwa na waya mweusi mwembamba uliobanwa vizuri na vibanio, unapanda ukutani, unafuata boriti, unatokea kwenye tundu la hewa. Bibi alikuwa ananiangalia kwa jicho la mtu anayejua na hasemi. Nikatoka uani na ngazi. Waya ulikatiza juu ya kamba ya nguo, ukavuka ukuta, ukaingia dirishani kwa jirani.

Nilishuka mbio hadi dukani. "Mama mdogo! Ule mtandao wa nyuma ni wa mzee wa jirani?"

Akanivuta ndani ya ukumbi kabla wateja hawajasikia. "Sauti!"

Mzee wa jirani ni wa asili ya Kihindi, wa ukoo uliouza vipuri vya baiskeli hapa Tanga tangu babu hajaoa. Yeye na babu walisali safu moja miaka yote. Marehemu mkewe na bibi walipelekeana sahani juu ya ukuta ule ule: kwao zinatoka sambusa, kwetu vitumbua, na sahani hairudi tupu, ndivyo walivyolelewa wote wawili. Bibi alipougua, mzee alileta waya. Alisimama uani, akasema kwa aibu kwamba amesikia mama anapenda kisomo, naye ana intaneti, basi apokee kidogo. Muda si mrefu baadaye mama mdogo akaweka mtandao wa duka. Angeweza kuufikisha nyuma, na waya wa mzee usingekuwa na kazi tena.

"Sasa mbona hukuuondoa?"

"Nimrudishie mtu chakula chake mezani? We una wazimu?" Akapunguza sauti. "Halafu akija kumjulia hali mama huuliza, 'Ile yangu inafanya kazi?' Nataka nimwambie ndiyo, na iwe kweli."

Na kwa kuwa sahani hairudi tupu, kila Ijumaa mama mdogo alikuwa anampelekea mzee mkate wa kumimina, ule mtamu wa mchele, kwa ajili ya intaneti.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamweleza kinachotokea: duka linauliza, kamera inajibu, na jibu linakwenda kubisha kwa mzee. Ruta ya mzee haijui duka letu liko wapi, inalitupa.

Rangi ikamtoka. "Picha za mama zinakwenda kwa mzee?"

"Picha haziendi. Linakwenda neno la kuitikia tu, na linapotelea hukohuko."

"Hata neno. Tumembishia mlangoni siku mbili bila kumwomba radhi."

Nilimwambia asijali. Naweza kuibadilishia kamera mlango, nikaiandikia ruta yangu, ni kazi ya dakika, mzee asijue kitu. Mama mdogo alinitazama kama nimependekeza tuibe kuku. Waya ni wa mzee, kisanduku ni cha mzee, na sisi tumeingiza kamera humo kimyakimya, lazima aelezwe. Nikamkumbusha kesho ni Ijumaa. Akanijibu kwamba mzee yuko hapo ng'ambo ya ukuta, si Pangani. Nikasonya. Akajifanya hajasikia, akafunga duka nusu mlango, akamwomba mke wa muuza samaki akae na bibi, akafunika mkate wa kumimina kwa kawa.

Mkwe wa mzee ndiye aliyetufungulia. Akaiona kawa, akasema bila kufikiri, "Lo! Na leo tena?"

"Kwani vipi?" akauliza mama mdogo.

Mkwe akashika mdomo. Mzee, aliyekuwa sebuleni kwenye kochi, akamkaripia kwa Kikachi, lugha ya kwao, halafu akatugeukia sisi na Kiswahili chake cha Tanga kilichonyooka kuliko changu. "Karibuni, karibuni, wanangu."

"Shikamoo, babu," nikasema mimi. "Shikamoo, baba," akasema mama mdogo, na sauti imeshapoteza nguvu, kwa sababu kama mimi alikuwa amekwisha kuona dawa za sukari zimepangwa mezani.

Mzee hakula hata kipande kimoja cha mikate ile. Ilikuwa inaliwa na mkwe, na mkwe alikuwa anaongezeka mwili na kulalamika. Lakini ungeirudishaje? Na aibu ya pili ilikuwa imekaa palepale mezani chini ya kitambaa cha kufuma: ruta ya mzee. Niliifunua, na waya uliotoka humo kwenda kwa mtumiaji ulikuwa mmoja tu, ule wa bibi. Simu ya mzee ilikuwa ya vitufe. Mkwe anatumia bando la simu yake mwenyewe.

"Babu," nikauliza, "hii intaneti humu ndani anatumia nani?"

Mzee akarekebisha miwani. "Mama yenu anasikiliza kisomo," alisema. "Marehemu angekuwepo angempelekea kitu. Mimi sijui kupika."

Mama mdogo alilia waziwazi, na mimi nilijifanya nasoma namba zilizoandikwa chini ya ruta. Sikuwa nikisoma kitu.

Tulipomweleza habari ya kamera na jibu linalopotea, na mjomba na Ijumaa, mzee aliona haya, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelizuia jibu mlangoni. Nilimweleza kwamba naweza kuibadilisha kamera bila kumsumbua. Akakataa.

"Hicho kisanduku changu hakijui njia ya kwenu?"

"Hakijui, babu. Hakijafundishwa."

"Basi kifundishe. Jibu likija hapa, lionyeshwe nyumbani kwao ni wapi."

Nikakaa sakafuni kwa mzee, nikaiandikia ruta yake mstari mmoja: chochote cha kundi la moja, mrudishie yule mshenga wa ukumbini kwa bibi. Ikagoma mara ya kwanza. Nikaizima, nikaiwasha, mzee anasoma dua chinichini. Mama mdogo alikimbia dukani, na baada ya kitambo tukamsikia juu ya ukuta, anapiga kelele ambazo sijawahi kumsikia: "Namwona! Namwona! Anajikuna!"

Mzee akaniambia, "Mwambie mama yako mdogo, kama lazima alete mkate, basi wa ufuta. Usio na sukari."

Ijumaa baada ya sala mjomba alifika. Alikuja na gari na mto wa kuegemea, kanunua mpya. Alisalimia, akatazama simu tuliyoiegemeza kwenye kopo la majani ya chai dukani, akaona chumba na kitanda na mama yake. "Nzuri," alisema. Lakini uso haukulegea. Kuona ni jambo moja, alisema. Mtu akiwa na wateja ataangalia saa ngapi? Akaenda nyuma. Mama mdogo hakubishana naye. Alimpimia mtu sukari.

Kwenye picha tulimwona mjomba akilifungua kabati, akatoa begi. Akaanza kukunja kanga za bibi moja moja na kuziingiza. Alizikunja vibaya, kwa uangalifu mkubwa, na mgongo wake ulikuwa umeelekea kitanda. Bibi alikuwa anamtazama. Nilijiambia basi, tumeshindwa.

Halafu mkono wa kulia wa bibi ukaanza kupapasa shuka. Tasbihi yake ilikuwa imeteleza kati ya godoro na ukuta. Alipapasa, akaacha, akapapasa tena. Hakuita. Mjomba alikuwa hatua mbili kutoka pale na hakujua.

Nikageuka nimwambie mama mdogo, nikakuta hayupo. Sukari ilikuwa kwenye mizani, mteja kaduwaa. Kisha nikamwona ndani ya picha, anaingia chumbani na sukari mikononi. Akainama, akaichomoa tasbihi ukutani, akamtia mama yake mkononi, akamfunga vidole juu yake. Alitoka bila kumsemesha kaka yake.

Mjomba alisimama na kanga mkononi. Akautazama mlango. Akautazama ule mkono wa bibi. Akainua macho polepole mpaka kwenye kamera, na nikaona uso wake wote ukiwa mkubwa kwenye kioo cha simu, uso wa mtoto aliyekuwa anaogopa siku nyingi. Kisha akainamia begi, akaanza kuzitoa kanga na kuzirudisha kabatini.

Mama mdogo alikuwa amekwisha kurudi, kasimama nyuma yangu, pumzi zinampanda. Kamera ile ina sauti, ndogo lakini ipo. Tukamsikia bibi akinong'ona.

"Za kijani zinakaa juu."